Simu ya Saa Nane Usiku: Nani Yupo Nyuma ya Daktari Tarajali?

Katika hospitali zetu za rufaa, mgonjwa anayelazwa usiku mara nyingi hupokelewa na daktari aliye mdogo kuliko madaktari wote wa hospitali hiyo. Daktari huyo amemaliza miaka mitano ya masomo ya shahada, na sasa yumo katika mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo ambao hana budi kuupitia kabla ya kupata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Tunamwita daktari tarajali. Ndani ya jina hilo msikivu husikia kitenzi kutaraji, nalo linamfaa: yeye anataraji kuwa daktari kamili, nasi tunataraji mengi kutoka kwake, pengine mengi kupita kiasi. Ndiye anayechukua maelezo ya ugonjwa, anayetoa damu ya kupimwa, anayefuatilia majibu maabara, anayeandika faili na anayezungumza na ndugu waliokaa kwenye benchi nje ya wodi. Kukicha husimama mbele ya mabingwa katika ripoti ya asubuhi, aeleze yote yaliyotokea tangu jana jioni.

Swali ambalo makala haya yanalishughulikia ni dogo kwa sura. Daktari huyo anapofika mwisho wa ujuzi wake usiku wa manane, hufanya nini? Na aliye juu yake hufanya nini? Kwa maoni yangu, majibu ya maswali hayo mawili yana uzito kuliko semina zote za kuhamasisha watumishi, na yanamhusu mgonjwa kabla hayajamhusu daktari mwenyewe.

Wito na pazia lake

Tumezoea kusema kwamba udaktari ni wito. Kauli hiyo ina ukweli wake, kwani hakuna mshahara unaotosha kumfanya mtu asafishe kidonda kinachonuka kwa upole. Lakini neno hilo limekuwa pia pazia. Kijana akisema hajalala tangu jana, anaambiwa udaktari ni wito. Posho yake ikichelewa, anakumbushwa wito. Akilia baada ya kumpoteza mtoto mikononi mwake, anaambiwa ajikaze, kwani huo ndio wito aliouchagua.

Kama ari ya kazi ingekuwa inatoka ndani ya mtu peke yake, basi kijana yuleyule angekuwa na ari ileile katika kila wodi. Sivyo tunavyoona sisi tunaowapokea na kuwaaga watarajali mwaka hadi mwaka. Yule aliyekuwa mzito, mkimya na mwenye kuchelewa katika idara moja, akihamia idara nyingine hugeuka mtu mwingine: hufika mapema, huuliza maswali, na usiku husoma kuhusu ugonjwa wa mgonjwa wake bila kuagizwa na mtu. Wito wake haukubadilika katika miezi hiyo michache. Waliobadilika ni watu waliomzunguka.

Wataalamu wa saikolojia ya kazi wameliona jambo hili kwa muda mrefu. Wilmar Schaufeli wa Uholanzi na wenzake wameieleza ari ya kazi kwa alama tatu: mtu ana nguvu anapofanya kazi, anaiona kazi yake kuwa na thamani, na huzama ndani yake hata muda ukapita bila yeye kutambua. Upande wa pili kuna uchovu sugu wa kazi, ambao nao una alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimoyo au kuitazama kwa dharau, na kujiona hufanyi lolote la maana. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa la Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, limeuweka uchovu huo miongoni mwa mambo yanayotokana na kazi, wala halikuuita ugonjwa. Chanzo kinachotajwa humo ni msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Aliyetarajiwa kuudhibiti, basi, ni mahali pa kazi pamoja na mtu mwenyewe.

Mwaka 1979 Robert Karasek wa Marekani alionyesha kwamba kazi humuumiza mtu zaidi pale madai yake yanapokuwa makubwa na uhuru wa kuamua ukawa mdogo. Mwaka 1988 Jeffrey Johnson na Ellen Hall wakaongeza jambo la tatu, nalo ni msaada wa wenzako na wakubwa wako. Mweke tarajali wetu katika mizani hiyo. Madai yanayomwelemea hayahitaji maelezo. Uhuru wa kuamua hana, na kwa kiasi kikubwa hastahili kuwa nao bado, kwa kuwa yuko mafunzoni. Idadi ya wagonjwa haiwezi kupunguzwa kwa agizo la mkuu wa idara. Linalobaki, ambalo wodi inaweza kulibadilisha hata wiki hii bila kuomba fedha Wizarani, ni hilo la tatu.

Ucheleweshaji wa tatu

Tuchukue mfano wa wodi ya wazazi, kwa sababu huko saa hukimbia kuliko mahali pengine. Mama amejifungua salama saa saba na nusu usiku. Baada ya dakika chache mkunga anaona damu inaendelea kutoka. Ikizidi mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, tunasema mama anatokwa damu nyingi kupita kiasi, na hatua hazina subira: kukanda mfuko wa uzazi, kuongeza oksitosini, kufungua njia mbili za dripu, kuomba damu benki ya damu, kuhakikisha kwamba kondo la nyuma limetoka lote na kwamba hakuna mchaniko, kutoa asidi ya traneksamiki kabla ya saa tatu kupita tangu kujifungua. Tarajali anazijua hatua hizi. Alizijibu vizuri katika mtihani. Amezifuata zote, na damu bado inatoka.

Simu iko mkononi mwake. Bingwa wa zamu yuko nyumbani, umbali wa nusu saa. Katika dakika hiyo kijana hafikirii mfuko wa uzazi tu. Anafikiria jinsi mwenzake alivyojibiwa wiki iliyopita: "Hilo nalo unanipigia simu? Ulisoma wapi?" Anafikiria raundi ya asubuhi, mbele ya wanafunzi na wauguzi. Anaamua kusubiri dakika kumi, aone. Kisha kumi nyingine.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza vifo vya uzazi kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata huduma stahiki baada ya kufika. Tumefanya kazi kubwa juu ya aina mbili za kwanza. Tumewafundisha akina mama dalili za hatari, tumejenga vituo, tumenunua magari ya wagonjwa. Huo wa tatu tunapouzungumzia hutaja ukosefu wa damu, dawa, chumba cha upasuaji. Ni kweli yote hayo. Lakini zipo dakika ambazo hazikosi dawa wala damu. Zinapotea ndani ya kifua cha kijana anayeogopa kupiga simu. Dakika hizo haziandikwi kwenye faili, wala hazionekani katika ripoti ya mwezi.

Hapo nataka kueleweka vizuri. Msaada ninaouzungumzia hauna uhusiano na kuwadekeza vijana. Bingwa anayekuja na kufanya kila kitu mwenyewe, kijana akishika taa tu, naye amemnyima haki yake, kwani mkono hujifunza kwa kutenda. Nakubali pia kwamba wapo watarajali wavivu, na wengine wanaopiga simu kabla ya kumgusa mgonjwa. Hao hufundishwa. Lakini hofu haimfundishi mvivu, humfundisha kuficha.

Wodi yenye makosa mengi

Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba wodi zenye uongozi bora na mahusiano mazuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamrudishia kinyume chake: wodi bora zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochimba zaidi akafikia maelezo haya: katika wodi zile watu walikuwa tayari kuyataja makosa, na katika nyingine waliyafukia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na sijui utafiti mwingine wenye somo kubwa kuliko huo kwa mganga mfawidhi anayefurahia kitabu chake cha matukio kuwa kitupu.

Vikao vyetu vya mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga viliwekwa kwa nia hiyohiyo. Kanuni yake inajulikana: hakuna kutaja majina wala kulaumu, lengo ni kuona wapi mnyororo ulikatika. Kila aliyehudhuria vikao vingi anajua jinsi kanuni hiyo inavyoweza kuwekwa kando katika dakika tano za kwanza, kikao kikageuka baraza la hukumu, na mshtakiwa akawa yule mwenye cheo kidogo kuliko wote. Kijana huyo akitoka pale amejifunza jambo moja, kuandika faili kwa namna ya kujilinda.

Husemwa mara nyingi, na hasa na sisi wa rika langu: "Sisi tulipita hukohuko, na mbona tumekuwa madaktari?" Hoja hii ina kasoro ambayo mtafiti yeyote angeiona katika data za mwanafunzi wake. Wanaoitoa ni wale waliobaki. Waliohamia nchi nyingine, walioacha tiba wakaingia kwenye biashara au ofisi za miradi, na wale waliobaki lakini wakawa watu wa kutia saini tu, hawamo chumbani kujibu. Wala wagonjwa wa miaka ile hawamo.

Usingizi, posho na mengine yanayoonekana kuwa madogo

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za mkono na akili kama mtu mwenye kiwango cha kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mwaka 2004 utafiti uliofanyika Boston, katika vyumba vya wagonjwa mahututi, ulionyesha kwamba watarajali waliofuata ratiba ya zamani yenye zamu za saa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi kuliko walipofuata ratiba iliyofupishwa. Marekani ilikuwa tayari imeweka ukomo wa saa 80 kwa wiki mwaka 2003. Hata hivyo, majaribio makubwa yaliyofuata huko, yaliyolinganisha ratiba zenye ukomo mkali na zile zilizolegezwa, hayakuonyesha tofauti kubwa katika vifo vya wagonjwa. Nayasoma matokeo hayo hivi: kupunguza saa ni haki ya anayefanya kazi, lakini kijana aliyelala vizuri na asiye na wa kumwuliza bado yuko peke yake. Isitoshe, kila zamu inapofupishwa, makabidhiano huongezeka, na katika makabidhiano habari za mgonjwa humwagika kama maji kwenye kikombe kilichojaa.

Kwa hiyo makabidhiano yenyewe yanastahili kufundishwa kama tunavyofundisha kupima mapigo ya moyo. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo kutoka hospitali 9 za Marekani na Kanada zilizowafundisha madaktari wadogo mpangilio maalumu wa kukabidhi: ukali wa hali ya mgonjwa, muhtasari wake, yanayopaswa kufanywa, yanayoweza kutokea, kisha anayepokea arudie kwa maneno yake. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23. Huko kurudia kwa maneno yako hakuhitaji kompyuta. Kunahitaji dakika chache za watu wawili kukaa chini, jambo ambalo wodi nyingi hulifanya wima, mlangoni, mmoja akiwa ameshavua koti.

Kuhusu posho nitasema kwa ufupi, kwa sababu wengine wamelisema vyema. Mtu asiyelipwa kwa wakati hawezi kuambiwa anathaminiwa. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 hapa Tanzania ulikuwa na malalamiko ya watarajali kuhusu posho miongoni mwa cheche zake za mwanzo. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2024 walishuhudia mgomo wa siku 56, na suala la kupangiwa kazi na kulipwa kwa madaktari tarajali lilikuwa katikati yake. Aliyepanga nyumba mjini, akilipa nauli ya bodaboda saa nne za usiku kuja zamu, anaijua tarehe ya posho kuliko anavyoijua tarehe ya mtihani.

Na chumba cha kupumzika. Kitanda kimoja, mlango unaofungwa kwa ndani, taa, maji ya kunywa. Ni aibu kwamba bado tunalijadili.

Orodha ukutani

Miongoni mwa mambo yanayowezekana kwetu, ninalolipendekeza kabla ya mengine ni hili: kila wodi ibandike ukutani orodha ya hali ambazo daktari wa zamu analazimika kumpigia simu mkubwa wake, bila kujali anajiona anaweza au hawezi. Shinikizo la juu la damu likishuka chini ya 90. Damu ikizidi kiwango baada ya kujifungua. Degedege. Mgonjwa aliyepoteza fahamu. Mgonjwa yeyote anayerudishwa chumba cha upasuaji. Kifo ambacho hakikutarajiwa. Na la mwisho, ambalo ningeliandika kwa wino mwekundu: muuguzi wa zamu akiwa na wasiwasi, hata kama hawezi kueleza kwa nini. Mkunga wa miaka ishirini huona kwa jicho kile ambacho kijana atakigundua kwa kipimo baada ya saa moja.

Nguvu ya orodha hiyo iko katika kuondoa aibu. Bila orodha, anayepiga simu anakiri kwamba ameshindwa. Ikiwepo, anatekeleza agizo, na asiyepiga ndiye atakayeulizwa asubuhi. Pembeni yake iwekwe namba ya bingwa wa zamu, na ya pili kama ya kwanza haipatikani. Kundi la WhatsApp la idara, ambalo siku hizi limekuwa darasa la usiku, ni jambo jema kwa maswali yasiyo ya dharura, mradi picha ya mgonjwa yenye sura na jina lake isisafirishwe humo.

Kisha kuna sauti ya anayepokea. Najua mabingwa ni wachache, na yule anayeamshwa saa nane ana kliniki saa mbili asubuhi. Sisemi apokee kwa furaha. Nasema neno lake la kwanza liwe la kumwezesha aliyepiga kuendelea kusema. "Nieleze" latosha. Makaripio, kama yanastahili, yanaweza kungoja mchana, faraghani, mgonjwa akiwa hai.

Kwako uliyelazwa, au uliyemleta ndugu

Msomaji ambaye si mtumishi wa afya anaweza kuuliza yeye anahusika vipi. Anahusika kwa njia mbili.

Kwanza, una haki ya kuuliza: "Daktari, bingwa anayesimamia matibabu ya mama yangu ni nani, na je, ameelezwa hali yake ya usiku huu?" Swali hilo likiulizwa kwa adabu halimdharau kijana. Mara nyingi humpa sababu ya kupiga simu aliyokuwa akiisitasitia.

Pili, angalia ulimi wako. Kijana anayesikia "wewe mtoto, niitie daktari mkubwa" mbele ya wodi nzima hapati ujuzi zaidi kwa kuambiwa hivyo. Watarajali wa kike wana kero yao maalumu: anajitambulisha kuwa daktari, anampima mgonjwa, anaeleza ugonjwa na matibabu, kisha anaulizwa, "Nesi, na daktari atakuja saa ngapi?" Wengi hucheka. Ukisikia hivyo mara sita kwa siku, kicheko hukauka.

Kwako uliye tarajali

Usijiandikie mwenyewe dawa za usingizi. Ukiona wiki zinapita hulali hata ukiwa mapumzikoni, chakula hakipiti, unaichukia njia ya kwenda hospitali, au mawazo ya kufa yanakujia, hiyo si dalili kwamba hukuumbwa kwa udaktari. Sonona hutibika kwa daktari kama inavyotibika kwa mtu mwingine yeyote. Mwone mtaalamu wa afya ya akili, na ikiwezekana awe nje ya idara inayokupa alama. Mawazo ya kufa yakikujia, usisubiri zamu iishe. Mwambie aliye karibu nawe usiku huohuo. Na mwenzako anayeanza kunyamaza kwenye raundi, mkae pamoja mnywe chai, umwulize.

Limebaki jambo moja la kiutawala. Tarajali anapomaliza idara, msimamizi hutia saini katika kitabu chake cha mafunzo, akathibitisha kwamba kijana ameiva. Ningependa siku hiyohiyo apewe karatasi isiyo na jina, yenye maswali manne: Ulipompigia mkubwa wako usiku kwa mara ya mwisho, alijibu nini? Baada ya mgonjwa wako kufariki, kuna aliyekaa nawe? Ulipokosea, ulionyeshwa namna ya kurekebisha? Je, ungemleta mama yako kulazwa katika wodi hii? Karatasi hizo zisikusanywe na idara husika, na zisomwe na mtu ambaye saini yake haimo katika kitabu cha yeyote kati yao.